Ziwa Halivuki Ua

Kila mwanamume aliyenyonyesha anaijua ndoto ile, hata yule atakayeikana mbele ya wenzake. Uko ndani ya nyumba isiyo na milango. Maji ya uvuguvugu yanapanda polepole, yanafika magotini, yanafika kiunoni, wala huogopi. Chumba cha pili kuna mtu anakuita kwa jina lisilo lako, na unaitika. Halafu unaamka na fulana imeroa kifuani.

Kijijini kwetu Vuleni tulikuwa wanaume kumi na saba tuliokuwa tukiiota msimu ule. Asubuhi tukikutana bombani, watoto mgongoni, ukungu bado umelala juu ya mikarafuu, tulikuwa tukiulizana: "Yalifika wapi leo?" Mtu akijibu kuwa yalifika shingoni, tulimpisha achote maji kwanza.

Mimi ni Shaame, mchumaji wa karafuu, na binti yangu Mize alikuwa na miezi kumi na moja. Mama yake, Mwatima, alikuwa juu. Nikisema juu nakusudia Kioo, ule mtambo mkubwa unaozunguka dunia ukikinga jua na kutuletea umeme. Kwetu huonekana kabla ya alfajiri, nyota isiyo na haraka, na mtu hujikuta amemnyanyua mtoto mkono ili ampungie mama. Mafundi wake wote ni wanawake. Hawakupendelewa. Ni hesabu ya tumbo na pafu tu: mwanamke hula kidogo, huvuta hewa kidogo, na huko juu kila tonge na kila pumzi hupandishwa kutoka chini. Zamani walisema mwanamume ana kifua kipana, basi yeye ndiye wa kwenda mbali kuwinda. Leo kifua kipana hichohicho ndicho kinachomweka nyumbani. Babu yangu angelisikia hili angelicheka hadi kofia ikamwanguka.

Wanapanda miezi tisa, wanashuka siku arobaini, wanapanda tena. Wote wa visiwa hivi husafiri na chombo kimoja. Mwatima alituacha Mize akiwa na miezi miwili, na wiki ileile nikatiwa kijiti, kitu kidogo kama njiti ya kiberiti, chini ya ngozi ya mkono. Siku ya tisa maziwa yakaja. Nililia kwa aibu nusu saa, kisha Mize akashiba akalala, nikasahau nilikuwa nalilia nini.

Simu yetu ya mwisho ilikuwa siku moja kabla hawajafungiwa karantini ya kushuka, ambako hapana mawasiliano kwa zaidi ya wiki mbili.

"Shaame," Mwatima alisema, "mara hii nataka mtoto."

"Na huyu hapa?"

"Huyo wako. Nikimwita kwenye simu anatazama ukuta. Nataka mmoja nimnyonyeshe mwenyewe mpaka anichoke. Nikishika mimba sipandi, mkataba unasema hivyo. Lakini nina thelathini na tisa, na mwakani daktari wao hataniruhusu. Ni arobaini hii au basi."

"Inshallah."

"Usinipe inshallah ya fundi wa paa! Niahidi."

Nikamwahidi, na nilikuwa nakusudia.

*

Kutimiza ahadi ile kulitaka jambo moja tu. Kijiti kitolewe siku kumi na nne kabla wake zetu hawajashuka.

Mwenye kazi hiyo alikuwa Khatibu, tuliyemwita Somo, kwa kuwa ndiye aliyetufunda namna ya kumweka mtoto ziwani anyonye na kumcheulisha, kama masomo, wale makungwi wa zamani, walivyowafunda wari mambo yao. Mtu mfupi, msafi kupita kiasi, kucha zake zinang'aa, hapendi utani asioutoa yeye. Siku mbili kabla ya kutoa vijiti alitukusanya kwenye sakafu ya kuanikia karafuu. Tulikaa kwa mviringo, tumepakata watoto, na harufu ya karafuu mbichi ikitulegeza macho.

"Maumbile hayatupi kitu," Somo alianza. "Huweka stoo. Chuchu mlikuwa nazo tangu tumboni, kabla mwili haujaamua kama wewe ni Asha au Ali. Njiwa dume anamlisha kinda maziwa ya koo. Yuko popo dume, si huyu wetu, wa misitu ya mbali, amekutwa na maziwa. Kijiti hakikuwaongezea kitu, kimefungua stoo tu."

"Na kimefunga duka la mbele!" mmoja akasema, tukacheka.

Somo hakucheka. "Mwili wa mwanamume una zamu mbili. Zamu ya kutafuta na zamu ya kulea. Tangu enzi za mapangoni, aliyemshika mtoto mchanga kifuani damu yake ilipoa, na hiyo ndiyo iliyomtuliza nyumbani, mtoto akapona. Hata bila kijiti ndivyo ilivyo, kidogo kidogo. Nyinyi mmezidishiwa. Matamanio yenu hayajafa, yamelala. Hata jasho lenu limebadilika. Wake zenu waliwapenda kwa pua kabla ya macho, mwili wa mwanamke hunusa kinga ya maradhi isiyofanana na yake. Sasa mnanuka uji wa maziwa. Kijiti kikitoka, wiki mbili, mnarudi kuwa waume."

Alikuwa amefika hapo Faki alipoingia.

Faki hakuwa mmoja wetu, ingawa alistahili kuwa. Mkewe Riziki alikufa akijifungua, miezi miwili nyuma. Walimtia Faki kijiti, mkono ukavimba kama mhogo. Wakamtia mkono wa pili, vilevile. Mmoja katika kumi mwili hukataa. Mwanawe Makame alikuwa akipewa maziwa ya kopo, akayatapika na kuharisha damu. Ya mbuzi yakawa mabaya zaidi. Asubuhi ile Faki alikuwa ametoka hospitali ya mjini.

"Wameagiza maziwa mengine," alisema, akisimama pembeni ya sakafu, Makame kifuani na viatu mkononi, asikanyage karafuu. "Yatafika baada ya wiki sita. Nimeuliza vitongoji vyote. Wake zao wanashuka chombo hichohicho na wenu, kila mtu anatoa kijiti."

Somo akainamisha kichwa. Sote tulijua alichokuwa anakifikiria, maana ndiyo sheria ya kwanza aliyotufunza: ziwa halivuki ua. Watoto walionyonya kifua kimoja ni ndugu, hawaoani maisha yao. Vuleni ni nyumba ishirini. Wanaume kumi na saba wenye huruma, msimu mmoja tu, wangaliweza kukigeuza kizazi kizima kuwa ndugu. Iwe kwa kikombe, iwe kwa kijiko, maziwa ni yaleyale. Kwa hiyo kila mtu na wake.

Makame akalia. Sauti yake haikuwa na nguvu ya kufika hata kwenye ukingo wa sakafu, ilikuwa kama mlango uliokosa mafuta. Lakini nilihisi sindano zile za moto zikishuka kifuani, nikatazama fulana yangu, nikatazama za wenzangu. Zote kumi na saba zilikuwa zinaroa. Hapana mwili uliouliza mtoto ni wa nani. Tulikaa pale tumeinamisha nyuso kama watu waliokamatwa na kitu cha wizi, na hapana aliyeinuka.

Mimi sikuamua. Nataka lieleweke, kwa sababu baadaye walinisifu na kunilaumu kwa jambo ambalo miguu ililifanya kabla yangu. Nilimpa jirani Mize, nikavuka sakafu, nikamtwaa Makame mikononi mwa babake, nikapandisha fulana. Alinyonya macho yamemtoka, kama haamini. Faki aliangusha viatu.

"Umemfanya nduguye Mize," Somo alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Umefunga mlango wa ndoa."

"Ana miezi miwili, Somo. Mlango gani? Mwache kwanza afike dirishani."

Usiku huo maji yalinifika mdomoni, matamu.

*

Siku ya kutoa vijiti wenzangu walivaa kanzu kama wanakwenda harusini, na kwa hakika walikuwa wanakwenda. Foleni ilianzia mlangoni kwa Somo. Kila aliyetoka alikuwa na plasta mkononi na mzaha mdomoni, na tayari mmoja alikuwa amekwenda kuulizia udi.

Nilikuwa wa kumi na mbili. Faki alinikuta hapo, mwanawe amelala begani.

"Sikuja kukuomba, Shaame," alisema. "Usinifikirie hivyo. Mwatima ni mtu, na mna yenu. Nimekuja kukushukuru kwa siku mbili hizi. Jana amecheka. Sikuwa najua kama anaweza."

Angaliniomba ingalikuwa rahisi, ningalimkatalia. Lakini alishukuru akaondoka.

Nilipoketi, Somo alinisugua mkono kwa spiriti, akaipapasa ngozi mpaka akakipata kijiti. Wembe ulikuwa tayari.

"Nikikitoa baada ya maziwa ya Makame kufika?" nikamuuliza.

"Wiki sita. Ongeza siku kumi na nne za kurudi mwilini. Hesabu mwenyewe."

Nilikwisha kuhesabu, tangu juzi nilikuwa nahesabu. Hesabu ilitua siku ileile ya Mwatima kupanda.

"Siwezi, Somo."

Akaweka wembe. Hakunikaripia, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Nikwambie kitu, mwanangu. Anayesema hapo si wewe. Ni kijiti. Kimekutia moyo wa mama, na moyo wa mama hausikii hoja nyingine. Kingekuwa nje, ungemwona Makame ni mtoto wa Faki, umhurumie, umwombee dua, uende zako kwa mkeo. Mlevi haulizwi kama aongezwe."

Alisema kweli. Miezi tisa nilikuwa nikimkumbuka Mwatima kama mtu anavyokumbuka chakula akiwa ameshiba. Nilijua kwamba mgongo wake ulikuwa ukinikosesha usingizi zamani, lakini nilijua tu, sikuhisi. Nilikuwa nampima mke wangu kwa mizani iliyokatwa upande mmoja.

"Sawa," nilisema mwisho. "Leo anayesema ni kijiti. Na kikitoka, wiki mbili baadaye, atakayesema ni nani? Si dawa nyingine tu ya mwili, ile ya kutafuta? Naye utamwita Shaame, huyu wa leo umwite mlevi?"

Somo akaufunika wembe kwa pamba.

"Nimempa Mwatima neno," nikaendelea. "Mtoto anayemtaka hajawahi kuwepo, na huyu wa Faki yupo. Lakini Mwatima naye yupo, Somo. Simu zimefungwa, siwezi kumuuliza. Nitamwambia nini?"

"Hilo sikukufunda," alisema. Akanishusha mkono wa kanzu, polepole, kama anamvika mtoto.

*

Walishuka asubuhi ya Jumamosi. Magari ya umeme yalipanda kilima moja moja, na vigelegele vikaanza kabla milango haijafunguliwa. Wanaotoka juu hutembea kwa namna yao. Wanashika kuta, wanaweka mguu kana kwamba ardhi inaweza kukataa. Niliwaona wenzangu, wamekatwa ndevu, wamefukizwa udi hadi kanzu zinakohoza, wakiwabeba wake zao mikononi kama mizigo ya kioo. Mimi nilikaa ndani. Nilikuwa na Makame ziwani na Mize amening'inia begani, na fulana ambayo hata uifukize namna gani ingenuka uji.

Mwatima aliingia peke yake. Alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda mashavu, na mwangaza wa huko juu ulimwachia weupe chini ya macho. Alinitazama, akamtazama Makame. Kisha akapiga magoti, mikono mbele.

"Mize. Mize, mama, njoo."

Mize akaficha uso kwapani mwangu. Mwatima alipomgusa unyayo, alipiga ukelele kama amechomwa. Mwatima akarudisha mkono, akaketi palepale sakafuni.

"Nilikuahidi," nilisema. "Nimevunja. Huyu ni Makame wa Riziki, hana mwingine wa..."

"Nimeambiwa kila kitu kituoni. Wamenipokea na habari hiyo kabla ya maji ya kunywa." Alikuwa akiuangalia mkono wake. "Umeamua peke yako."

"Simu zilifungwa."

"Najua zilifungwa, Shaame! Nina haki ya kujua na kukasirika vilevile. Miezi tisa nimelala nimefungwa kamba ukutani nisielee, nikihesabu siku za mtoto huyo. Nimempa mpaka jina."

Sikumuuliza jina gani. Makame aliachia ziwa, akacheua, akalala. Nje mtu alikuwa akiimba vibaya kwa furaha.

"Kuna jambo sijalisema," Mwatima alisema mwisho, sauti yake imeshuka. "Huko juu wanatupa kidonge. Wanakiita cha utulivu. Wanawake sitini ndani ya bati, mbali na waume, wanasema kazi haiendi bila hicho. Tuliacha kukimeza tulipoingia karantini, na wenzangu wakaanza kucheka, wakaanza kusukana, wakaanza kutaja majina ya waume zao. Mimi ikawa kimya. Naambiwa kwa wengine huchukua mwezi. Nikaanza kukuogopa."

"Kuniogopa mimi?"

"Kumwogopa mwanamume aliyetoa kijiti wiki mbili, kanukia, kanisubiri. Na mimi ndani sina kitu cha kumpa. Nilijifunza kwenye kioo cha choo namna ya kutabasamu. Nikasema nitavumilia, kwa ajili ya mtoto." Akajifuta pua kwa kiganja. "Basi waliponiambia Shaame hakutoa, unajua nilihisi nini? Nilishukuru. Mtoto wangu ananipotea na mimi namshukuru Mungu, Shaame. Hapo ndipo nilipolia. Wao walidhani nalia kwa hasira."

Nikamshusha Makame kwenye kanga, nikaketi chini kando yake, Mize akiwa bado kaning'inia. Sikujua nimguse wapi. Miaka kumi na miwili ya ndoa, mwili ulikuwa ukinionyesha njia, na sasa mwili wangu ulikuwa umelala na wake umelala, na njia haikuwepo.

"Ukitoa leo," aliuliza, "ni siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Zinabaki ishirini na sita. Labda na mimi nitakuwa nimezinduka." Alimtazama Makame. Alikuwa amelala ngumi zimekunjwa, na mdomo wake ulikuwa bado unanyonya hewa. "Na yeye?"

"Maziwa yake bado siku ishirini na sita. Sijui, Mwatima. Alipokuja alikuwa na uzito wa paka. Anaweza kuvumilia, anaweza asivumilie. Sijui, wallahi."

Aliinama, akaweka kidole katikati ya ngumi ya mtoto. Makame akakishika bila kuamka. Niliuona uso wa mke wangu ukifanya kazi, ukitaka, ukikataa, ukitaka tena. Nilikuwa tayari. Angelisema toa, ningekwenda kwa Somo saa ileile. Nilikwisha kumwibia uamuzi mara moja.

"Usitoe," alisema.

"Mwatima..."

"Usitoe, nimesema. Na usiniambie asante, nitakupiga." Machozi yalikuwa yanamshuka, naye hakuyafuta. "Sasa nimeamua na mimi. Usije ukasema ulikuwa peke yako. Siku tukimlilia yule mwingine, tutamlilia wawili."

Nililia kwa sauti, kama ninavyolia kwa kila kitu tangu nitiwe kijiti, na sikuona haya. Aliegemeza kichwa begani kwangu, kizito, kichwa cha mtu aliyesahau kuwa vichwa vina uzito. Akanusa fulana yangu.

"Unanuka uji," alisema.

"Najua."

Hakuondoka. Hatukutamaniana hata chembe asubuhi ile, mimi na yeye, na katika maisha yangu yote sijampenda mtu vile.